Marejesho na Bamvua: Siku Nane za Afisa wa Mikopo Pwani ya Kenya

Jumatatu, mwezi 12 wa mwandamo. Likoni hadi Gazi

Nimevuka Likoni alfajiri nikiwa na begi moja, daftari la mistari na fomu 30 za maombi ya mkopo, ambazo mkuu wa kitengo chetu alinikabidhi kama mtu anayekabidhiwa mbegu na kuambiwa akatafute shamba. Chama chetu cha akiba na mikopo kimetenga fungu dogo kwa ajili ya kile ambacho mkutano mkuu wa mwaka ulikiita "biashara zinazotunza mazingira". Kwa kuwa katika kamati ya mikopo hakuna aliyewahi kuiona biashara ya namna hiyo kwa macho yake, nimetumwa mimi kuziona kwa siku nane: kusini hadi Vanga, magharibi hadi Kasigau, kaskazini hadi Gede. Nimeagizwa nirudi na majina ya vikundi, kiasi kinachohitajika na dhamana itakayowekwa.

Kabla sijaandika nitakayoyaona, yafaa nikiri jambo ambalo nimelibeba safarini kuliko begi. Miaka kadhaa iliyopita, nikiwa bado mgeni kazini, niliidhinisha mkopo wa mizinga kwa kikundi cha akina mama kilichokaa mbali kidogo na bahari, kwenye vichaka vilivyokuwa vikimalizwa na wachoma mkaa. Masharti yalikuwa yale yale tunayompa mwenye duka la nguo: marejesho yaanze siku 30 baada ya fedha kutoka. Mizinga ilitundikwa mtini mwezi wa kiangazi na ikakaa tupu, kwa maana nyuki hahamii mzinga kwa sababu umelipiwa. Husubiri mvua, na baada ya mvua husubiri maua. Akina mama wale walilipa kila mwezi bila kuchelewa hata siku moja, na mwisho wa mwaka faili lao likawekwa miongoni mwa wateja bora. Nilipopita kwao baadaye nilikuta mizinga imejaa nyuki na zizi limebaki tupu. Mbuzi ndio waliolipa mkopo wa nyuki.

Faili hilo bado lipo ofisini, na bado linasifiwa.

Gazi nimefika kabla ya adhuhuri. Nimepokewa na mzee mmoja wa kamati, akanikalisha barazani, na baada ya kunijulia hali na kuuliza habari za mjini akaniuliza kama nimekuja kununua hewa. Nikamjibu kwamba mimi ni mtu wa mikopo. "Ala, basi umefika," akasema, "kwani magazeti yenu huiita hewa yetu mikopo ya kaboni." Tulicheka, lakini maneno yake yalinikaa. Jina hilo limewapotosha wengi, hata baadhi yetu tunaoshughulika na fedha: kinachouzwa hapa hakikopeshwi mtu wala hakirudishwi. Ni cheti kwamba tani moja ya hewa ukaa imezuiwa mtini na topeni, na anayekinunua hulipa yakaisha. Watu wa Gazi husema tu "kuuza hewa", na nitawafuata.

Jumanne, mwezi 13. Gazi, ndani ya mikoko

Tumeshuka msituni mapema, maji yakiwa yanaelekea kukupwa, nikiwa nimevua viatu kwa ushauri wa kijana aliyenitangulia. Tope la mikoko lina adabu yake: ukisita linakuvuta, ukipita haraka linakuachia. Tulipita kwenye mkandaa mfupi, tukaingia kwenye mkoko wenyewe, ambao mizizi yake husimama juu ya tope kama miguu ya kiti kilichopinda, na mbele kabisa, palipo na maji, tukaona mlilana. Mbegu za mkoko huota zikiwa bado mtini, kisha huning'inia kama fimbo nyembamba za kijani zenye ncha ya kahawia. Kijana akachuma moja iliyokomaa, akaichomeka topeni hadi theluthi yake, akaendelea kutembea. Upandaji hauna shughuli kubwa zaidi ya hiyo. Kazi ni kuulinda mche usizolewe na mawimbi wala kuliwa na kaa, tena kwa miaka.

Msitu ulio ndani ya mradi wa Mikoko Pamoja ni hekta 117, na vijiji viwili, Gazi na Makongeni, vimekuwa vikiuza hewa yake tangu 2013 kwa kipimo cha Plan Vivo, kinachothibitisha hewa inayouzwa na jamii, takriban tani 3,000 kwa mwaka, katika mpango wa miaka 20. Miaka ya 1970 sehemu za msitu huu zilifyekwa kwa ajili ya kuni za viwandani. Katika miaka ya 1990 watafiti wa KMFRI, taasisi ya utafiti wa bahari ambayo ina kituo hapa hapa Gazi, akiwemo Dkt. James Kairo, walianza kurudishia palipobaki wazi, na wenzao wa Chuo Kikuu cha Edinburgh Napier wakaja baadaye kupima kaboni. Wanunuzi hutafutwa na ACES, shirika la hisani lililoandikishwa Scotland. Fedha zikifika, kiasi hulipia ulinzi na upandaji, na kilichobaki wanavijiji hukiamulia barazani: maji ya bomba, vitabu vya shule, ukarabati wa madarasa. Mwaka 2017 mradi ulipata Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa.

Nilikaa na kamati, nikatoa fomu, nikafika kwenye mstari wa dhamana na hapo nikakwama. Mikoko ya Kenya ni hifadhi ya serikali tangu 1932. Wanakijiji wana makubaliano ya kuisimamia pamoja na Huduma ya Misitu, lakini hawana hatimiliki, na hata kama wangekuwa nayo, nani atapiga mnada ghuba? Nikauliza kama mkataba wa mauzo ya hewa unaweza kuwekwa rehani. Mwenyekiti, mtu mpole anayepima maneno, alinijibu kwamba wao hawahitaji mkopo wowote; wanahitaji mnunuzi alipe kwa wakati. "Mwanangu," akasema, "sisi tulilinda mwaka jana, tunalinda mwaka huu, na fedha za mwaka jana ndizo tunazozingojea. Aliyemkopesha mwenzake hapa ni nani?"

Sikuwa na jibu la kuandika kwenye fomu. Hata hivyo, nilipouliza juu ya watu wanaoishi kando ya mradi, nilipata wakopaji wa kweli. Kuna akina mama wanaoendesha daraja la mbao linalopita juu ya mikoko, ambao huwatembeza wageni kwa ada na kuwapikia samaki na wali wa nazi. Mbao zimeliwa na chumvi na zinahitaji kubadilishwa kabla ya msimu wa wageni, lakini fedha za kulipia zitaingia ndani ya msimu. Kuna wapandaji wa mvinje, na hawa ni muhimu kuliko wanavyoonekana, kwa sababu kila mti wa mvinje unaojenga nyumba huokoa boriti moja ya mkoko. Watu wa pwani wamejengea boriti tangu enzi majahazi yalipokuwa yakizipeleka Ghuba ya Uajemi kwa makorja, mafungu ya ishirini ishirini, na marufuku ya 1982 ya kuziuza nje ya nchi haikuondoa haja ya nguzo kijijini. Ila mvinje hutaka miaka minne, mitano kabla haujatoa nguzo ya kuuzika. Mkopo wetu mrefu kabisa ni wa miezi 36.

Niliandika "miezi 36" pembeni ya ukurasa na kuipigia mstari. Nadhani safari yangu imeanzia hapo.

Jumatano, mwezi 14. Kibuyuni

Leo nimefundishwa kazi yangu na mwanamke aliyesimama baharini maji yakiwa yamemfika magotini.

Kibuyuni ni kijiji cha wakulima wa mwani karibu na Shimoni, na niliowakuta shambani walikuwa wengi wao wanawake. Bamvua ndiyo saa yao: wakati wa mwezi mchanga na mwezi mpevu bahari hukupwa mbali, na asubuhi, kwenye saa nne hivi, mashamba huachwa wazi kwa muda mfupi. Basi akina mama huingia na mifuko, hukagua kamba, hufunga mbegu mpya, huvuna iliyokomaa, na maji yakianza kujaa hutoka. Siku za maji mafu hawana la kufanya shambani. Shamba lenyewe ni vigingi viwili na kamba kati yake, na kwenye kamba, kila baada ya shubiri moja hivi, kipande cha mwani kimefungwa kwa uzi. Mama aliyenipokea alikuwa akifunga vipande bila kuvitazama, vidole vikienda vyenyewe, macho yakinichunguza mimi. Mwani hukaa majini wiki sita kwa makadirio, kisha huanikwa siku mbili, tatu za jua kali, ukapakiwa magunia kusubiri mnunuzi. Maji yakipata joto kupita kiasi, hasa wakati wa kaskazi, mwani hupauka na kukatika, na bamvua lote likapotea.

Nilimweleza kuhusu fungu letu. Aliniuliza maswali mawili tu, na yote mawili yalikuwa bora kuliko yaliyomo kwenye fomu yangu. La kwanza: "Mkopo huo una riba?" Nikasema una asilimia yake ya kila mwezi. Akasema basi hautamfaa yeye, wala hautawafaa wengi waliosimama pale, na akaendelea kufunga. La pili aliliuliza baada ya kimya kirefu: "Na kulipa ni tarehe ngapi?" Nikamjibu kwamba ni tarehe 5 ya kila mwezi. Akainua uso, akacheka kwa upole kabisa. "Tarehe tano ya Wazungu? Baba, mimi navuna kwa mwezi wa juu. Tarehe tano yako bamvua laweza kuwa halijafika, laweza kuwa limepita, mwani uko juani, mnunuzi yuko Mombasa. Nikulipe na nini?"

Nikafungua daftari hapo hapo, nimesimama majini, na kwa msaada wake nikaandika upya ratiba ya mkopo: kununua kamba na uzi bamvua hili, kuvuna bamvua la tatu, kuanika na kupima, kulipa fedha za mnunuzi zikishafika. Jumla ni kama miezi miwili na nusu kabla ya senti ya kwanza kurudi, kisha malipo makubwa machache badala ya madogo mengi. Hakuna kitu cha ajabu katika hesabu hiyo. Ajabu ni kwamba katika miaka yangu yote ya kazi sijawahi kuiandika.

Kuhusu riba, jioni niliketi na wakulima watatu na shehe mmoja wa hapo, tukazungumza juu ya njia mbili ambazo taasisi nyingine za pwani huzitumia na ambazo sisi tunazo kwenye makabrasha bila kuzitumia. Murabaha ni pale chama kinaponunua kamba chenyewe na kumuuzia mkulima kwa bei iliyoongezwa faida inayojulikana, alipe baadaye. Salam ni pale mnunuzi anapolipa bei yote mapema kwa mazao yatakayoletwa siku ijayo, na sharti ni kwamba aina, kiasi na siku ya kukabidhi vitajwe wazi tangu mwanzo. Shehe alisema salam iliruhusiwa kwa sababu mwenye shamba anahitaji kula kabla hajavuna. Nilitamani mwenyekiti wa Gazi angekuwapo, kwani malalamiko yake ya jana yangetulia hapo: mnunuzi wa hewa angekuwa analipa salam, mlinzi wa msitu asingekuwa anamkopesha.

Hapa nitoe rai yangu, ingawa sikutumwa rai. Mwani si dawa ya bahari. Shamba likipanuliwa bila mpango hukanyaga nyasi za bahari, na nyasi zile ni malisho ya samaki. Ninachokubali ni kwamba nyumba yenye kipato cha mwani haina sababu kubwa ya kupeleka nyavu za macho madogo mwambani, na hilo linatosha kuiweka kwenye orodha, bila kuipamba.

Alhamisi, mwezi 15. Vanga

Nimekwenda hadi mwisho wa nchi. Kutoka Lunga Lunga barabara inashuka kwenye tambarare ya mikoko, na ng'ambo ni Tanzania. Mradi wa hapa, Vanga Blue Forest, uliozinduliwa 2019, umeiga ule wa Gazi kwa eneo kubwa zaidi: hekta 460, vijiji vitatu vya Vanga, Jimbo na Kiwegu. Habari zao zinafanana na za Gazi kiasi kwamba sitazirudia, ila moja: baharia mmoja aliniambia kwamba ukilinda upande huu, mkataji huvuka kwenda upande ule, na samaki naye huvuka bila pasipoti. Mkopo wetu hauwezi kuvuka. Nimelala mapema, mbu wamenilinda usiku kucha.

Ijumaa. Mombasa

Nimerudi mjini, nimeswali, nimefua, na alasiri nimesoma sheria. Marekebisho ya Sheria ya Mabadiliko ya Tabianchi ya 2023, na kanuni za masoko ya kaboni zilizofuata 2024, yanautaka mradi wa ardhi kuipa jamii angalau asilimia 40 ya mapato ya mwaka uliotangulia, kwa makubaliano ya maendeleo yaliyoandikwa. Wengi waliishangilia ile asilimia 40, na ni haki yao. Mimi nimeyapigia mstari maneno "mwaka uliotangulia". Fedha zimewekewa kiwango na sheria, lakini bado zinatembea nyuma ya kazi kwa mwaka mzima, na katika mwaka huo mlinzi anakula, mche unamwagiliwa, mashua inazibwa kalafati. Pengo hilo ndilo soko letu, kama tungekuwa na ujasiri wa kuliona.

Jumamosi. Maungu na Kasigau

Basi limenishusha Maungu saa tatu asubuhi, kwenye vumbi jekundu. Bahari imebaki nyuma. Hapa ni vichaka vikavu vilivyolala kati ya Tsavo Mashariki na Tsavo Magharibi, njia ya ndovu, na huko mbele mlima wa Kasigau umesimama peke yake kama mgeni asiyekaribishwa kuketi. Ranchi kadhaa za hapa, Rukinga ikiwemo, zimeunganishwa kwenye mradi wa kuzuia ukataji unaoendeshwa na Wildlife Works, kampuni iliyoanzishwa na Mike Korchinsky miaka ya 1990 kwa wazo la kiwanda cha nguo kitakachowapa watu kazi nyingine badala ya mkaa. Eneo lote ni kama hekta 200,000, na 2011 mradi huu ulikuwa wa kwanza duniani kupata vyeti vya kuzuia ukataji wa misitu kwa VCS, kipimo kingine cha kuthibitisha hewa inayouzwa.

Lakini kilichonileta hapa ni karatasi. Mwaka 2016 IFC, tawi la Benki ya Dunia linalofadhili kampuni binafsi, lilitoa hati fungani, yaani karatasi ya deni inayouzwa kwa wawekezaji, ya dola milioni 152, ya miaka 5, ikaorodheshwa kwenye soko la hisa la London. Kwa kawaida mwenye hati fungani hupata riba yake taslimu. Hii ilimpa hiari: achukue fedha, au achukue vyeti vya hewa ya Kasigau vyenye thamani hiyo. Na kwa kuwa wengine wangechagua fedha na kuuacha msitu bila mnunuzi, kampuni ya madini ya BHP Billiton ilijifunga kuvinunua vyeti hivyo kwa bei iliyopangwa, hadi kiasi cha dola milioni 12. Msitu ukawa na sakafu ya bei, mwekezaji akawa na usalama wa IFC, na hatari ya soko ikabebwa na aliyeweza kuibeba.

Niliwaeleza haya akina mama watano niliowakuta wakisuka vikapu vya katani chini ya mgunga. Mmoja wao, aliyekuwa akisokota uzi pajani, alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema: "Kwa hiyo hao wa London waliruhusiwa kulipwa kwa kitu cha shambani, na sisi tukikopa lazima tulipe kwa shilingi?" Nikamwambia ndiyo. Akapitisha uzi, akavuta. "Basi waulize wakubwa wako kama wanapokea vikapu."

Nimeandika swali lake kama alivyolisema, na nitalipeleka kamatini, kwa sababu si la mzaha kama linavyosikika. Kikapu kimoja huchukua siku nyingi za kusuka katikati ya kazi za nyumbani. Oda hutoka kwa mnunuzi wa mbali, na katani na rangi hununuliwa kabla. Anachohitaji msukaji ni fedha ya katani leo, nasi tulipwe na mnunuzi moja kwa moja vikapu vikishapokelewa. Dhamana ni oda yenyewe. Nilihesabu na katibu wao kwenye ukurasa wa mwisho wa daftari la mahudhurio, na hesabu ilisimama, mradi mnunuzi awe mtu wa kulipa. Hilo la mwisho ndilo ambalo mimi, na si msukaji, nina uwezo wa kulichunguza kwa simu na barua; na bado fomu yetu ina kurasa nne za kumchunguza msukaji na haina mstari hata mmoja wa kumchunguza mnunuzi.

Jumapili. Gede

Safari ya kutoka Voi hadi Gede ni ndefu, na nimefika jioni mifupa ikiniuma. Nashukuru kwamba mfugaji mmoja wa vipepeo jirani na msitu wa Arabuko-Sokoke alikubali kunionyesha vizimba vyake kabla giza halijaingia. Tangu 1993 mradi wa Kipepeo umekuwa ukinunua pupa za vipepeo kutoka kwa wakulima wanaopakana na msitu huu na kuziuza kwenye nyumba za maonyesho ng'ambo. Mkulima hunasa jike msituni, humweka kwenye kizimba cha wavu chenye miche anayoipenda, mayai hutagwa, viwavi huanguliwa na kula majani usiku na mchana. Mzee alininamishia tawi la mlimau, nikamwona kiwavi aliyefanana kabisa na kinyesi cha ndege. Nilipomgusa alitoa pembe mbili nyekundu kichwani na harufu kali ya ndimu iliyooza. "Huyo anakutisha," mzee akasema kwa fahari, "ni mali."

Biashara hii ni kinyume cha mvinje. Pupa ikishakamilika ina siku chache tu kabla ya kipepeo kutoka. Lazima ifike Gede, ichaguliwe, ifungwe kwa pamba na ipande ndege, la sivyo itaanguliwa njiani na kuwa hasara yenye mabawa mazuri. Safari za ndege ziliposimama 2020, hapakuwa na mnunuzi wa kufikiwa. Mfugaji anahitaji fedha kidogo mno, wavu na mbao za kizimba, na anaweza kuirudisha haraka. Lakini anahitaji pia mkopeshaji atakayejua kwamba ndege zikisimama deni nalo lisimame. Ajabu nyingine ni ya msitu: majani ya viwavi huoteshwa nyumbani, lakini jike mpya wa kuboresha kizazi sharti atoke msituni. Msitu ukifa, kizimba hufuata. Nimeona dhamana nyingi katika kazi hii, na hii ya kiwavi imeandikwa vizuri kuliko nyingi kati ya hizo.

Jumatatu. Bamburi, kisha ofisini

Njiani kurudi nilishuka Bamburi kwa saa moja, bila idhini ya mtu. Machimbo ya chokaa ya kiwanda cha saruji yalikuwa yameacha jangwa la mawe meupe hapa, na 1971 Mswisi aitwaye Rene Haller alianza kujaribu miti juu ya mwamba mtupu. Mvinje ndio uliostahimili, lakini majani yake makavu yalirundikana bila kuoza, hadi alipoingiza jongoo, wale wakubwa weusi wenye miguu myekundu ambao watoto wa Mombasa huwaita garimoshi. Jongoo walikula majani, wakayageuza udongo, na juu ya udongo huo umesimama msitu ambao leo una viboko na twiga. Nilimwona jongoo mmoja akivuka njia, miguu yake ikipita kama upepo kwenye nyasi, nikasimama kumpisha. Huyu alikopeshwa majani na akaachwa afanye kazi kwa mwendo wake, kwa sababu aliyegharimia alikuwa na saruji ya kuuza na hakumdai jongoo tarehe 5.

Sisi hatuna saruji. Tuna akiba za walimu, wachuuzi na mabaharia, na fedha hizo sharti zirudi. Ndiyo maana sikuandika katika ripoti yangu kwamba tusamehe wala tulegeze. Nimependekeza mambo ambayo kamati inaweza kuyakataa moja moja: tarehe ya marejesho iandikwe kwa mazao na si kwa kalenda, mwani na vikapu viendeshwe kwa murabaha na salam, mpandaji wa mvinje apewe hadi miezi 60 na alipe kwa mavuno, na fomu iongezwe ukurasa wa kumchunguza mnunuzi. Nimeambatanisha faili la akina mama wa nyuki, pamoja na maelezo ya mbuzi, yaandikwe sasa hata kama yamechelewa.

Mkuu wangu alisoma ukurasa wa kwanza akiwa amesimama. Aliuliza mfumo wa kompyuta utaijuaje bamvua. Nikafungua begi nikamtolea jedwali la maji la Mamlaka ya Bandari, lile wanalonunua wavuvi, limejaa chumvi na alama za kalamu za yule mama wa Kibuyuni. Akaligeuza, akatafuta mwezi huu kwa kidole, akauliza: "Na huyu mama, bamvua lake la tatu linaangukia lini?"

Tukaanza kuhesabu.